Kushuka Hadi Majani na Kurudi: Historia ya Funksheni Inayoupitia Mti Mzima

Mti, katika hisabati na elimu ya kompyuta, ni muundo wa vifundo vilivyounganishwa kwa uzazi. Kifundo cha juu huitwa mzizi, kila kifundo huweza kuwa na watoto, kila mtoto ana mzazi mmoja tu, na kifundo kisicho na mtoto huitwa jani. Thamani ya muundo huu ni kwamba tawi lolote likikatwa, kinachopatikana ni mti kamili, wenye mzizi wake na majani yake. Kwa sababu hiyo kazi ya kufanywa juu ya mti mzima huandikwa kwa maneno machache sana: shughulikia kifundo hiki, kisha itumie kanuni hii hii kwa kila mtoto wake. Kanuni hiyo, ambayo waandishi wa programu huiita funksheni, inajiita yenyewe. Kila inapojiita hupewa mti mdogo zaidi, na inapofika kwenye jani haina tena wa kumwita, kwa hiyo inarudi.

Ugumu wote umo katika huko kurudi. Aliyeshuka ngazi kumi lazima ajue, katika kila moja ya ngazi hizo, alikuwa akifanya nini alipoiacha na ni watoto gani bado hawajafikiwa. Akisahau ngazi moja tu, sehemu ya mti itaachwa au itapitiwa mara mbili. Historia ya mbinu hii kwa kiasi kikubwa ni historia ya mahali ambapo watu waliiweka kumbukumbu ya njia ya kurudi: ukutani, kwenye karatasi, katika mashine, na hatimaye ndani ya mti wenyewe.

Jibu la ukutani linatoka Ufaransa. Mwaka 1882 mwanahisabati Édouard Lucas alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha michezo ya hisabati, Récréations mathématiques, na humo akaeleza njia ya Trémaux, mhandisi wa telegrafu, ya kutembea ndani ya mzingile bila kupotea. Mtembeaji hutia alama kwenye kila kichochoro anapoingia na anapotoka. Akifika kwenye njia panda mpya huchagua kichochoro chochote kisicho na alama. Akikuta kwamba kichochoro kipya kimemrudisha mahali alipokwisha kufika, hugeuka na kurudi alikotoka. Kichochoro chenye alama mbili hakipitwi tena. Njia hiyo humfikisha kila mahali na kumrudisha mlangoni, hata kama mzingile una mizunguko, kwa kuwa alama zenyewe huugeuza mzingile kuwa mti: kila njia panda hupata mzazi mmoja, yaani kichochoro kilichotumiwa kuifikia mara ya kwanza. Mwaka 1895 Gaston Tarry alitoa kanuni nyingine ya jamii hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mashine akilini. Hata hivyo, kile ambacho leo hufundishwa vyuoni kwa jina la utafutaji wa kina kwanza ni njia ya Trémaux bila badiliko kubwa.

Mti wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia katika hisabati miaka 25 kabla ya kitabu cha Lucas. Arthur Cayley, ambaye wakati huo alikuwa akiishi kwa kazi ya uwakili London na kufanya hisabati katika muda uliobaki, alichapisha mwaka 1857 makala kuhusu maumbo aliyoyaita miti. Yalimjia kutoka kwenye kalkulasi: alikuwa akipanga matokeo ya kufanya difrensheni kwa kurudiarudia, akaona kwamba kila tokeo linaweza kuchorwa kama matawi. Kisha akauliza miti ya idadi fulani ya matawi ni mingapi. Namna alivyohesabu ndiyo inayohusika hapa. Aliuondoa mzizi, akabaki na miti midogo kadhaa, na hesabu ya mti mkubwa akaijenga juu ya hesabu za miti hiyo midogo. Huko ndiko kufikiri kwa kujirejea kwenyewe, na kulifanyika kwa kalamu. Inafaa pia kukumbuka kwamba chanzo chake kilikuwa difrensheni, kwa sababu karne moja baadaye tatizo hilo hilo ndilo litakalozaa lugha iliyoifanya miti kuwa chakula chake cha kila siku.

Wanamantiki walichangia uhalali. Richard Dedekind, mwaka 1888, alionyesha ni kwa nini inaruhusiwa kueleza funksheni kwa kuitaja funksheni yenyewe, mradi kila mara itajwe kwa namba iliyo ndogo zaidi. Kurt Gödel alizitumia funksheni za namna hiyo mwaka 1931 katika uthibitisho wake mashuhuri, na katika miaka ya 1930 Alonzo Church, huko Princeton, akabuni namna ya kuandika funksheni isiyo na jina na kuikabidhi kwa funksheni nyingine, akitumia herufi ya Kigiriki lambda. Kwao kurudi hakukuwa na gharama: mkono unaandika mstari unaofuata, na mistari ya juu ipo palepale ikisubiri.

Kwenye mashine gharama ilionekana mara moja. Katika kompyuta ya EDSAC iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, David Wheeler alibuni njia ya kuiita programu ndogo: kabla haijaanza, programu hiyo iliandika ndani ya amri yake ya mwisho anwani ya kurudi. Njia hiyo ilikuwa ya busara na ilitumika sana, lakini ilikuwa na nafasi moja tu ya anwani. Programu ndogo ikijiita kabla haijamaliza, anwani mpya inaifuta ya zamani, na njia ya kutoka inapotea kabisa. Alan Turing alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika mpango wake wa kompyuta ya ACE, ulioandikwa mwishoni mwa 1945, alipendekeza anwani za kurudi zizikwe moja juu ya nyingine na kufukuliwa kwa mpangilio wa kinyume, ya mwisho kuzikwa ikiwa ya kwanza kufukuliwa. Huko Munich, Friedrich Bauer na Klaus Samelson waliomba hataza ya mpango wa jinsi hiyo mwaka 1957, wakiwa na nia ya kukokotoa mitajo yenye mabano. Rundo hili, linalopokea na kutoa upande mmoja tu, ndilo mahali ambapo kumbukumbu ya njia ya kurudi ingekuja kukaa.

Lakini kati ya kuwa na rundo na kuwa na desturi ya kulitumia kulikuwa na safari. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, iliwapa wanasayansi uwezo wa kuandika fomula kwa sura yake ya kawaida, ila haikuruhusu programu ndogo kujiita. Kila kitu ndani yake kilikuwa na anwani moja ya kudumu. Haikuruhusu kwa miaka mingi. Kiwango rasmi cha lugha hiyo kilikuja kukubali kujiita katika toleo liitwalo Fortran 90, tena kwa kumtaka mwandishi aiwekee funksheni hiyo neno la kuitangaza. Upande wa pili walikuwepo Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon, waliokuwa wakijenga programu ya kuthibitisha kauli za mantiki kwenye kompyuta ya JOHNNIAC ya taasisi ya RAND. Lugha yao ya IPL ilihifadhi vitu katika orodha, orodha ndani ya orodha, na iliruhusu kujiita. Ilikuwa na nguvu, lakini kuisoma kulikuwa kazi nzito, kwa kuwa iliandikwa kama msururu wa amri za mashine.

John McCarthy aliisikia IPL ikielezwa katika mkutano wa kiangazi cha 1956 huko Dartmouth. Alitaka orodha zake, hakutaka sura yake; alitaka orodha zishughulikiwe kwa maandishi yanayofanana na aljebra. Nafasi ilikuja kiangazi cha 1958, alipoalikwa na Nathaniel Rochester kufanya kazi IBM. Alichagua tatizo moja la kujaribia mawazo yake: kompyuta ifanye difrensheni ya mitajo ya aljebra, si kwa namba, bali kwa herufi, kama afanyavyo mwanafunzi ubaoni.

Uchaguzi huo ulikuwa wa bahati njema kuliko mwingine wowote katika historia hii, na inafaa kuutazama kwa karibu. Mtajo (x + 3) × (x + y) ni mti. Mzizi wake ni alama ya kuzidisha. Watoto wake wawili ni alama za kujumlisha. Majani yake ni x, 3, x na y. Kanuni za difrensheni zinaufuata mti huo hatua kwa hatua. Jani likiwa x, jibu ni 1. Jani likiwa kitu kingine chochote, jibu ni 0. Kifundo kikiwa cha kujumlisha, jibu ni jumla ya majibu ya watoto wake. Kikiwa cha kuzidisha, kila mtoto kwa zamu hubadilishwa na jibu lake huku wenzake wakibaki walivyo, kisha mazao yote yanajumlishwa. Kitabu cha kalkulasi hakisemi zaidi ya hayo, na hakisemi popote namna ya kukumbuka ulikuwa umefika wapi. McCarthy alitaka programu iseme kile tu kinachosemwa na kitabu.

Kila kilichokosekana katika lugha za wakati ule kilijitokeza chenyewe kutokana na tatizo hilo. Ilihitajika namna ya kusema "ikiwa ni jani fanya hivi, la sivyo fanya vile" ndani ya fomula moja, tena bila kukokotoa tawi lisilohusika. Bila hivyo funksheni inayojiita isingekoma kamwe. Ilihitajika funksheni iweze kujiita. Na kwa kuwa jumla huweza kuwa na viungo viwili au ishirini, ilihitajika funksheni ya kuchukua funksheni nyingine na kuitumia kwa kila kiungo cha orodha, kisha kurudisha orodha ya majibu. McCarthy aliiita maplist, na katika umbo lake la mwanzo ndiyo ile ambayo baadaye ilijulikana kama mapcar. Ili kuikabidhi funksheni kwa funksheni ilibidi pawe na namna ya kuiandika, na hapo akaazima lambda ya Church. Alikuja kukiri waziwazi kwamba sehemu nyingine za kitabu cha Church hakuzielewa. Mwishowe, programu ya difrensheni ilitengeneza vipande vya orodha na kuvitupa njiani, na kuingiza amri za kuvifuta kungeuharibu usafi wa kanuni. Kwa hiyo ikahitajika mashine ivizoe yenyewe.

FORTRAN haikuweza kubeba mambo hayo, hata ilipoongezewa zana za orodha na wenzake wa IBM, Herbert Gelernter na Carl Gerberich. Septemba 1958 McCarthy na Marvin Minsky walianzisha MIT mradi wa akili unde, wakiwa na chumba, watayarishaji programu wawili, katibu, mashine ya kutoboa kadi na wanafunzi sita wa hisabati wa shahada za juu. Hapo LISP ikazaliwa kwenye kompyuta ya IBM 704. Neno moja la kompyuta hiyo lilikuwa na biti 36, na ndani yake kulikuwa na sehemu mbili za biti 15 kila moja, kila sehemu ikitosha kubeba anwani ya neno lingine kati ya maneno 32,768. Neno moja likawa kifundo chenye watoto wawili. Sehemu ya kwanza ilisomwa kwa funksheni car, ya pili kwa cdr, majina yaliyotokana na sehemu za rejista ya mashine ile na yaliyodumu miongo mingi baada ya mashine yenyewe kuachwa. Miti yote, hata iwe na umbo gani, ilijengwa kwa tofali hilo moja.

Njia ya kurudi iliwekwa katika eneo moja la kumbukumbu ambalo programu zote zilichangia. Funksheni yoyote yenye uwezekano wa kujiita iliweka humo, kabla ya kuanza, anwani yake ya kurudi na thamani ilizokuwa nazo, na ikazichukua tena ilipomaliza. Mwandishi wa programu hakuiona kazi hiyo. Hapa ndipo pana badiliko kubwa: kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika kanuni ya mti kama inavyofikiriwa, na kumbukumbu ya njia ikawa shughuli ya mashine.

Makala ya McCarthy iliyotoka Aprili 1960 katika jarida la Communications of the ACM inaonyesha jambo hili kwa mifano mifupi ya kustaajabisha. Mmojawapo ni funksheni subst, inayopewa vitu vitatu na kubadilisha kila jani la aina fulani katika mti kwa mti mwingine. Ikikuta jani, inauliza kama ndilo linalotafutwa. Ikiwa ndilo, inatoa badala yake, la sivyo inalirudisha lilivyo. Ikikuta kisicho jani, inajiita upande wa car, inajiita upande wa cdr, na kuunganisha majibu mawili kuwa kifundo kipya. Mti wa zamani haukuguswa. Mpya umejengwa kando yake. Mpango huo, yaani swali moja la jani, miito miwili na muunganiko mmoja, ndio unaorudiwa hadi leo na kila mwanafunzi anayejifunza kuipitia miti. Ndani ya makala hiyo hiyo kuna funksheni eval, inayousoma mti wa programu na kuutekeleza. McCarthy aliiandika kwa ajili ya hoja ya nadharia. Steve Russell, mmoja wa watayarishaji programu wake, aliona kwamba inaweza kutafsiriwa kwa mkono kuwa amri za IBM 704, akafanya hivyo, na LISP ikapata mfasiri wake. Lugha yenyewe ikawa funksheni inayoupitia mti.

Ulaya jambo lile lile liliingia kwa mlango mwingine. Januari 1960 watu 13 walikutana Paris kukamilisha lugha ya ALGOL 60, na McCarthy alikuwa miongoni mwao. Suala la taratibu, kama ALGOL ilivyoziita programu ndogo, kujiita halikuwa limetamkwa waziwazi mkutano ulipokwisha. Mwezi Februari Adriaan van Wijngaarden na Edsger Dijkstra walimpigia simu kutoka Amsterdam mhariri wa ripoti, Peter Naur, aliyekuwa Copenhagen, wakapendekeza sentensi moja ya kusema kwamba jina la utaratibu likitokea popote pengine ndani ya mwili wake, maana yake ni kuuita. Naur aliipenda kwa ujasiri na wepesi wake, akaiingiza. Si wote waliofurahi. Kundi la ALCOR, lililowafuata Bauer na Samelson, lilitengeneza kompaila, yaani programu za kuitafsiri lugha kuwa amri za mashine, zisizoruhusu kujiita, kwa hoja kwamba kila programu ingelipia kwa kasi uwezo unaotumiwa na chache. Hoja hiyo ilikuwa na uzito kwenye mashine za wakati ule. Lakini Dijkstra na Jaap Zonneveld walikuwa na kompaila kamili ya ALGOL 60 ikifanya kazi kwenye kompyuta ya X1 kufikia Agosti 1960, yenye rundo na kujiita, na makala ya Dijkstra ya mwaka huo ikaeleza namna ya kufanya hivyo kwa utulivu wa kutosha kuwashawishi wengi.

Tony Hoare alikuwa miongoni mwa walionufaika. Mbinu yake ya kupanga data kwa haraka aliibuni alipokuwa mwanafunzi Moscow, lakini alitatizika kuieleza. Mwaka 1961 alihudhuria mafunzo ya ALGOL 60 mjini Brighton, akajifunza humo kwamba utaratibu unaweza kujiita, na maelezo yakamtoka kwa mistari michache. Katika mbinu hiyo hakuna mti uliohifadhiwa popote; upo katika mfuatano wa miito yenyewe.

Rundo likawa desturi, na gharama yake nayo ikaanza kuuma. Uzoaji taka wa LISP ulipaswa kupitia kila orodha inayofikika na kuitia alama, ili kila kisicho na alama kikusanywe. Hiyo ni ziara ya mti, nayo huhitaji rundo. Lakini mashine ilizoa taka pale tu kumbukumbu ilipokwisha, kama mwenye ghala lililojaa anayetakiwa kupata nafasi ya kupangia upya shehena yake. Mwaka 1967 Herbert Schorr na William Waite walichapisha suluhisho, ambalo Peter Deutsch alilifikia pia peke yake. Ziara inaposhuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kielekezi kilichotumika, yaani anwani ya mtoto iliyohifadhiwa ndani ya mzazi, hugeuzwa kiangalie juu, kwa mzazi. Inapopanda, kielekezi hurudishwa kilivyokuwa. Wakati wa ziara mti umevurugika, na baada ya ziara uko kama ulivyokuwa. Tangu 1960 Alan Perlis na Charles Thornton walikuwa wamependekeza njia ya upole zaidi, ya kutumia vielekezi visivyo na kazi kwenye majani kama nyuzi za kuongoza kwenye kifundo kinachofuata. Mwaka 1979 Joseph Morris aliyaunganisha mawazo hayo mawili: nyuzi za muda, zinazofungwa ziara ikishuka na kufunguliwa ikirudi, bila rundo na bila alama hata biti moja. Kazi hizi tatu ni za kuheshimiwa sana. Ziliithibitisha hoja kwamba kumbukumbu ya njia inaweza kukaa ndani ya mti wenyewe bila rundo.

Mpangilio wa ziara ulipata majina thabiti polepole. Kifundo huweza kushughulikiwa kabla ya watoto wake, baada yao, au, katika mti wa watoto wawili, katikati yao. Mti wa mtajo ukisomwa kifundo kwanza, hutoa maandishi yasiyo na mabano aliyoyabuni mwanamantiki wa Poland Jan Łukasiewicz katika miaka ya 1920; ukisomwa katikati, hutoa maandishi ya shuleni, ila mabano yanahitajika. Donald Knuth, katika juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming ya mwaka 1968, alizipa ziara hizo majina, lakini majina mawili kati ya matatu aliyabadilisha katika matoleo ya baadaye, jambo linalowachanganya wanaosoma vitabu vya zamani hadi leo. Mpangilio si suala la majina tu. Funksheni inayobadilisha kila x kuwa x + 1, ikianza juu na kisha kuingia ndani ya kile ilichokiandika yenyewe, itakutana na x mpya kila mara na haitakoma. Ikianza na majani, itakoma. Funksheni subst ya McCarthy ilikuwa salama kwa sababu haikuingia katika badala iliyoiweka.

Mwaka 1972 Robert Tarjan alichapisha makala iliyoonyesha kwamba ziara ya kina kwanza hutatua matatizo magumu ya grafu, yaani mitandao ya vifundo inayoweza kuwa na mizunguko, kwa muda unaolingana na ukubwa wa grafu yenyewe. Yeye na John Hopcroft walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1986 kwa kazi za jamii hiyo.

Edinburgh ilileta mchango wa aina tofauti. Rod Burstall alionyesha mwaka 1969 namna ya kuthibitisha usahihi wa programu kwa kufuata umbo la data: thibitisha kwa jani, kisha thibitisha kwamba ikiwa ni kweli kwa watoto ni kweli kwa mzazi. Uthibitisho ukapata sura ya programu, na programu sura ya mti. Kutokana na mkondo huo zilitoka lugha za ML na Hope, ambamo mwandishi hutangaza maumbo ya vifundo vyake, kisha huandika mstari mmoja wa funksheni kwa kila umbo. Umbo likisahauliwa, kompaila huweza kumwonya.

Lilibaki tatizo moja ambalo maplist ilikuwa imelitatua kwa orodha tu: kutenganisha kutembea na kazi inayofanywa njiani. Programu kubwa huwa na funksheni nyingi zinazopita mti mmoja, na zote hurudia maneno yale yale ya kushuka na kupanda. Mathematica, iliyotolewa mwaka 1988, ilikuwa na jibu fupi kuliko yote: kila kitu ndani yake ni mti, na operesheni MapAll huitumia funksheni yoyote kwa kila sehemu ya mtajo, majani kwanza. Mwaka 1991 Erik Meijer, Maarten Fokkinga na Ross Paterson walilieleza jambo hilo kwa nadharia: kila aina ya mti ina ziara yake moja ya asili, na kuandika kazi maalumu ni kubadilisha kila umbo la kifundo kwa funksheni inayolingana nalo. Waandishi wa programu za viwandani walifika mahali hapo kwa njia nyingine. Kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994 kiliwapa muundo wa mgeni, ambaye hupokelewa na kila kifundo na kufanya humo kazi yake bila kifundo kubadilishwa. Kanuni za XSLT za mwaka 1999, za kubadilisha nyaraka za XML, zilikwenda mbali zaidi: mwandishi asiposema lolote kuhusu kifundo fulani, mashine yenyewe huendelea kwa watoto wake.

Jibu lililokamilika kuliko mengine lilitolewa mwaka 2003 na Ralf Lämmel na Simon Peyton Jones katika lugha ya Haskell. Mfano wao ulikuwa kampuni yenye idara, idara ndani ya idara, mameneja na wafanyakazi, na kazi ilikuwa kupandisha mishahara yote. Kwa njia ya kawaida programu hiyo hujaa mistari inayotaja idara na mameneja ingawa haiwahusu. Kwao ilibaki sentensi moja: tumia kila mahali funksheni inayojua mishahara tu. Vifundo vya aina nyingine hupitwa bila kuguswa.

Gérard Huet, mwaka 1997, alikuwa amelirudia swali la njia ya kurudi katika lugha zisizoruhusu data kubadilishwa. Muundo wake uliogawanyika huhifadhi tawi lililo mbele ya msomaji, na kando yake njia yote ya kuelekea kwenye mzizi ikiwa data ya kawaida, pamoja na ndugu wa kushoto na kulia katika kila ngazi. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama katikati ya mti, kubadilisha, kusogea, na kuendelea kesho. Undani wake ni vielekezi vilivyogeuzwa vya Schorr na Waite, safari hii bila kuuvuruga mti.

Mipaka ya mbinu hii inajulikana vizuri. Muundo ambao matawi yake yanashirikiana vifundo, na hivyo si mti kamili, hupitiwa mara nyingi kupita kiasi; dawa yake, kutunza majibu yaliyokwisha kupatikana, ilielezwa na Donald Michie mwaka 1968. Mafaili ya kompyuta yalipangwa kwa mti tangu mfumo wa Multics wa miaka ya 1960, na Unix ikarithi, ikiwa na amri kama find zinazotembelea kila folda. Viungo vya mkato vilipoongezwa katika Unix ya Berkeley, folda iliweza kuelekeza kwa babu yake, mzunguko ukaingia mahali palipodhaniwa ni mti, na kwa hiyo find haifuati viungo hivyo isipoamriwa. Kina nacho kina kikomo. Python husimamisha funksheni iliyojiita takriban mara 1,000 bila kurudi, isipokuwa mwandishi akibadilisha kiwango hicho. Mti mrefu kuliko hapo hupitiwa kwa kitanzi na orodha ambayo mwandishi huiongeza na kuipunguza mwenyewe, upande mmoja tu.